Kifaa Kinacholala Nje

Fununu ilianza na goti. Kijana mmoja wa pikipiki, walisema, alikuwa akipeleka kifurushi huku macho yakiwa kwenye ramani ya simu, akaingia mtaroni, akachubuka goti. Hiyo ilikuwa habari ya asubuhi. Kufika mchana goti limekuwa mguu, mguu umekuwa miguu, na jioni ilipoingia kijana mwenyewe hakuonekana tena. Kilichookotwa ni kofia ngumu tu, pamoja na kifurushi ambacho, kwa maajabu ya Mungu, hakikupata hata mkunjo. Watu walisikia, wakaguna, wakaendelea na shughuli zao. Mama Cherehani alisikia na hakuweza kuendelea na chochote.

Ilimganda. Akikanyaga pedali, fununu inazunguka pamoja na gurudumu. Akimpima mteja kiuno, anaona mtaro. Sababu ilikuwa mwanawe, mtu mzima mwenye ndevu zake, ambaye wenzake wa stendi walimwita Upepo. Kazi yake kupeleka vifurushi kwa pikipiki, na mtindo wake mkono mmoja usukanini, mkono wa pili umeshika simu, anaisoma kama barua ya mchumba.

"Siku moja," mama alikuwa akimwambia mteja, pini zimejaa mdomoni, "nitaletewa kofia. Kofia tupu."

Mteja alikuwa amesimama juu ya kigoda, anapunguziwa suruali. Huyo ndiye mtu wetu, na ni vizuri kumtambulisha angali juu ya kigoda, maana akishashuka hashikiki. Watu walimwita Injinia. Hakuwahi kujenga daraja wala banda la kuku, lakini shati lake lilikuwa na mifuko mingi, kila mfuko na kalamu yake, na maneno yake yalikuwa ya kumtoa nyoka pangoni, nyoka akaomba na radhi kwa kuchelewa kutoka.

Aliposikia "kofia tupu" masikio yalimsimama. Mtu mwingine angesikia uchungu wa mzazi. Injinia alisikia soko.

"Mama yangu," akasema polepole, "kwani mwanao anatumia simu?"

"Simu, baba. Hiyo hiyo anayopigia."

"Mh!" Akatikisa kichwa kama daktari aliyeletewa majibu mabaya.

"Usitikisike, pini zitakuchoma."

"Acha zinichome. Nina uchungu. Simu kwenye pikipiki, mama, ni sawa na kumtwisha mtoto mchanga gunia la saruji. Mtikisiko unaiua taratibu. Jua likiipiga, huoni kitu. Mvua ndiyo usiseme. Na mkono ulioshika simu, breki utaishika lini?"

Mama Cherehani akatoa pini zote mdomoni. "Sasa tufanyeje?"

"Vipo vifaa vya ramani vya kufunga usukanini, GPS zenyewe, ndiyo kazi yangu. Ila leo nimekuja kwa ajili ya suruali." Kisha akanyamaza.

Tapeli akinyamaza ni kama paka akitulia: tazama kilicho mbele yake. Macho ya Injinia yalizunguka chumba bila haraka. Yakapita cherehani nyeusi ya miguu, yakapita pasi, yakapita rundo la sare za shule zinazosubiri vifungo, yakatua pembeni kwenye kitu kilichofunikwa shuka. Ovaloki. Ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa zisifumuke. Aliiona chini ya shuka kama mwewe anavyomwona kifaranga chini ya tenga.

"Basi njoo na hicho kifaa," mama akasema.

"Ukinilazimisha, mama, nitafanyaje?"

Alirudi na mkoba, akamkuta Upepo naye yupo, kofia ngumu kwapani, uso umekunjwa. Injinia akapanga vifaa vitatu juu ya meza ya kukatia, akarudi nyuma hatua moja kama muuza dhahabu.

"Chagua."

Upepo akakamata kikubwa, chenye kioo kipana na mapambo ya rangi ya fedha. Hakukaa nacho sana. Injinia alimpokonya.

"Hiki sikuuzii. Dhambi! Humu ndani kinang'aa, ukitoka juani kinageuka kioo cha kujinyolea. Na ndevu zako bado unazihitaji."

Upepo akachukua cha pili.

"Nacho hicho weka chini. Kinabonyezwa kwa ncha ya kidole. Ukivaa glavu utakibonyeza kwa pua?"

"Mbona unaponda mali yako mwenyewe?" Upepo akauliza.

"Kwa sababu mama yako ameniita baba. Mtu akikuita baba humpi takataka." Ndipo akasukuma mbele kile cha tatu, kidogo, kinene, cheusi, kibaya kama kipande cha tairi. "Hiki hakina sura. Lakini maji hayaingii. Vitufe unabonyeza na glavu zako. Kioo unakisoma jua la utosini. Na kikiunganishwa na betri ya pikipiki, habari ya chaji unaisahau."

Hapa msomaji aelewe jambo moja: yote hayo yalikuwa kweli. Ubaya wa tapeli hodari ndio huo, haongopi mahali anapoweza kusema kweli. Kifaa cheusi kilikuwa kizima kabisa, tena ndicho kitu kizima pekee alichowahi kuuza. Vile viwili vingine vilikuwa maganda matupu yaliyookotwa nyuma ya duka la fundi simu, na kazi yao katika maisha ilikuwa kukataliwa.

"Bei?" Upepo akauliza.

"Pesa sitaki. Pesa inaleta maneno. Nipeni tu kitu kinachowakalia ndani." Jicho lake, kwa bahati kabisa, likaangukia kwenye shuka. "Hicho hapo ni nini? Stuli?"

"Hiyo ni ovaloki," mama akasema.

"Ala! Kumbe ovaloki. Mimi niliona tu kitu kimefunikwa, nikasema labda hakitumiki."

Upepo akashtuka. "Mama, hapana. Kazi ya sare zote unaifanya kwa hiyo. Ukiitoa utamaliza kingo kwa mkono mpaka vidole viote sugu."

"Sare zitangoja."

"Mama..."

"Nimesema zitangoja! Nikikuzika wewe, hizo sare nitamshonea nani?"

Ovaloki ikatoka na shuka lake.

Kufunga, Injinia alifunga. Mpe mtu haki yake. Alimkalisha Upepo juu ya pikipiki, akamwambia ashike usukani kama anavyoendesha, kisha akatafuta mahali ambapo jicho linashuka kidogo tu bila kichwa kuinama. Akazungushia bomba la usukani kipande cha mpira wa tyubu ili kunyonya mtikisiko na kuzuia kishikio kisiteleze. Akakaza bolti kwa zamu, huku kidogo, huku kidogo. Akageuza usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, kuhakikisha hakuna waya unaovutwa, mita ya spidi haizibwi na mkono wa klachi haugusi kitu. Waya akaupitisha chini ya tangi, mbali na ekzosi, akauwekea fyuzi. Mama Cherehani alitazama kazi hiyo na moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza tangu lile goti.

Kitu kimoja tu Injinia hakukieleza: kishikio kilikuwa na kilimi upande wa chini, na ukikibonyeza kwa dole gumba kifaa kinachomoka kama ganda la karanga.

"Sasa sikilizeni," akasema akifuta mikono, "maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kifaa hiki ni mgeni kwenye pikipiki hii. Setilaiti iko huko juu, haijawajua. Usiku wa kwanza lazima kilale nje, hapo hapo usukanini, uso umeelekea mbinguni, kisifunikwe hata kwa leso. Na mtu asikisogelee mpaka jua lichomoze. Miili ya watu inachanganya mawimbi."

"Na pikipiki?" Upepo akauliza.

"Pikipiki ifunge mnyororo, sina neno nayo."

Mama alifikiri kidogo. "Kama mtoto mchanga anavyotolewa nje apate jua la asubuhi."

"Mama! Wewe ulipotea njia tu, ulikuwa uwe injinia."

Kulipokucha mnyororo ulikuwepo, pikipiki ilikuwepo, kishikio kilikuwepo. Kifaa hakikuwepo. Kabla mama hajamaliza kushika kichwa, Injinia huyo anaingia, kwa ukarimu wake tu, kuuliza mgeni ameamkaje.

"Kimeibwa!"

"Uwiii! Pole, mama yangu. Pole sana. Wezi hawa! Na mlikiacha nje peke yake?"

"Si wewe ulisema kilale nje?" Upepo akafoka.

"Nilisema setilaiti ikione. Sikusema na wezi wakione." Akapangusa jicho lililokuwa kavu. "Ningekuwa na kingine ningewapa bure. Lakini ndiyo hivyo."

Akaondoka kwa hatua za msibani. Kifaa kilikuwa kwenye mfuko wa suruali aliyopunguziwa na mama mwenyewe.

Baada ya hapo kifaa cheusi kikafanya kazi kuliko punda. Kikauzwa kwa fundi bomba, aliyetoa ngazi yake ya alumini. Kikalala nje, kikatoweka, fundi akapewa pole. Kikauzwa kwa muuza kuku, mtu mwenye pupa ambaye hata salamu alikuwa akiipunguza. Huyu alitoa jokofu bovu lililonguruma kama mzee aliyenyimwa uji, na alipompa Injinia mkono alikuwa akijing'ata shavu asicheke, kwa kuamini amempata mjinga wa kumtupia takataka. Kikalala nje. Pole, ndugu yangu, wezi hawa!

Uzuri wa mpango huu ulikuwa aibu. Fundi bomba alinyamaza kwa sababu siku zote yeye ndiye huwacheka waliotapeliwa. Muuza kuku alinyamaza kwa sababu alidhani mtapeli ni yeye. Chumba cha Injinia kikajaa, na mbele ya mlango ikasimama pikipiki nyekundu, mpya, ya mkopo, ambayo aliipangusa kila asubuhi kwa kitambaa laini kuliko alichojifutia uso.

Siku moja alikuwa amesimama na pikipiki hiyo njia panda, anasubiri magari yapite, akamwona Upepo. Simu mkononi tena. Macho chini. Lori likapiga honi ndefu, Upepo akainua uso, akauvuta usukani kwa mkono mmoja, na kioo chake cha pembeni kikakwaruza ubavu wa lori kwa mlio wa kutia ganzi. Akapita. Akasimama mbele, akashuka, akakaa ukingoni mwa barabara ameinamisha kichwa.

Injinia alihisi kitu kikimchoma upande wa kushoto. Akadhani ni njaa, akaenda kula.

Hata hakumaliza kula vizuri, simu ikaita. Mama Cherehani.

"Baba Injinia, uko wapi? Stendi nzima inakutafuta."

Kijiko kikasimama hewani. "Inanitafuta kwa lipi, mama?"

"Kwa vifaa! Nimewasimulia namna unavyofunga, wote wametaka. Nimewaambia tena makosa yalikuwa yetu. Njoo."

Angekuwa mtu wa kuogopa angejiuliza maswali. Lakini tapeli naye ana pupa yake, tena ni pupa iliyosoma, inayoamini haiwezi kudanganywa. Akaenda.

Ofisi ya stendi ilikuwa kibanda cha mabati chenye benchi nje na pikipiki zimepangwa mbele. Mwenyekiti wa stendi, mtu mfupi mwenye sauti ya tarumbeta, alimpokea kwa mikono miwili. Mama Cherehani alikuwa ameketi kwenye benchi na sare mapajani, anamaliza kingo kwa sindano ya mkono.

"Injinia! Mtu mkubwa! Hapa tunataka kila pikipiki ifungwe," Mwenyekiti akasema.

"Mimi nina televisheni inanikalia tu," dereva mmoja akadakia.

"Mimi mabati."

"Mimi makochi, tena mke wangu anayachukia."

Injinia alimeza mate mpaka kalamu zikacheza mifukoni.

"Ila watu wangu ni wabishi," Mwenyekiti akaendelea. "Wanataka waone kwanza. Wewe funga kimoja kwenye pikipiki yako, ilale hapa mbele ya ofisi, uso wa kifaa mbinguni kama ulivyofundisha. Asubuhi wakikiona kinavyosoma njia, kila mtu analeta alichonacho."

"Kwenye pikipiki yangu?"

"Kwani yako setilaiti haiijui?"

Madereva wakacheka. Injinia naye akacheka. "Hakuna shida. Basi na mimi nitalala hapa hapa pembeni, niilinde."

"He! Baba!" Mama Cherehani akaacha kushona. "Si ulituambia miili ya watu inachanganya mawimbi? Au nilisikia vibaya?"

Watu wote walimtazama, na nyuso zilikuwa na heshima ya wanafunzi mbele ya mwalimu. Mtu hawezi kukana somo lake mbele ya darasa.

"Ulisikia vizuri, mama."

"Mnyororo wa stendi huu hapa," Mwenyekiti akasema, "na funguo zitalala kwangu. Wewe nenda kapumzike."

Injinia akafunga kifaa, akakaza bolti, akapangusa tangi jekundu kwa mara ya mwisho. Njiani akajituliza. Nani ataiba? Mwizi wa usiku wa mitaa hii alimjua vizuri, walikuwa wakilala kitanda kimoja.

Asubuhi alikuta mnyororo umekunjwa vizuri juu ya benchi kama nguo iliyopigwa pasi. Pale ilipokuwa pikipiki palikuwa na doa dogo la oili.

"Pole, Injinia," Mwenyekiti akasema, mkono kifuani. "Pole sana. Wezi hawa!"

"Funguo ulikuwa nazo wewe!"

"Na bado ninazo! Hebu ona wezi walivyo na akili."

"Naenda polisi! Sasa hivi!"

"Twende wote," Mama Cherehani akasema, akikunja kazi yake. "Wewe utawaonyesha karatasi za kifaa ulikokinunua, na mimi nitaandikisha cha kwangu. Tumalize safari moja."

Injinia, ambaye tayari alikuwa amepiga hatua kadhaa kuelekea polisi, akakumbuka kwamba miguu inamuuma. Akaketi.

Simu ya Mwenyekiti ikaita. Akaiweka sauti ya nje ili kila mtu asikie.

"Sisi ndio wezi," sauti nzito ikasema. Ilisikika mara mbili: mara moja kwenye simu, na mara moja nyuma ya mabati ya kibanda. "Pikipiki nyekundu tunayo."

"Mnataka nini, nyie wezi?" Mwenyekiti akauliza kwa ukali wa mchezo wa redio.

"Pesa hatutaki. Pesa inaleta maneno. Tunataka ovaloki moja."

Injinia akageuka kumtazama Mama Cherehani. Mama alikuwa akitia uzi kwenye sindano, jicho moja amelifumba.

"Tunataka na ngazi ya alumini." Nyuma ya mabati sauti nyingine ikanong'ona kwa nguvu, "Mwambie na kamba yake!" Simu ikasema, "Na kamba yake."

"Kingine?"

"Jokofu. Lile linalonguruma."

"Yaani mwizi wa pikipiki anataka jokofu bovu?" Injinia akaropoka.

"Wewe umejuaje ni bovu?" ikafoka sauti ya tatu nyuma ya mabati, sauti ya mtu aliyezoea kupigia kelele kuku.

Hapo hata benchi lilicheka. Madereva walishikana mabega, mmoja akalala juu ya tangi la pikipiki yake. Mama Cherehani peke yake hakucheka. Aliweka sindano chini.

"Fundi bomba alikuja kushonewa ovaroli lake la kazi, akanikuta nalia. Mimi siwezi kulia kimya, ndivyo nilivyoumbwa. Nikamsimulia, akaniuliza, 'Na wewe uliambiwa kilale nje?' Nikampata na mwenye kuku. Wao walikuwa wanaona aibu. Mimi aibu niliimaliza zamani, nabaki na hofu tu."

"Mama yangu..."

"Subiri. Jana mwanangu amenijia na kioo cha pembeni kimekwaruzika. Lori, baba. Nilikuambia naogopa kuletewa kofia tupu. Katika mji huu wote, wewe ndiye uliyenisikia vizuri kuliko mtu yeyote." Akachukua tena sare yake. "Kalete ovaloki. Watoto wanasubiri sare."

Injinia alifungua mdomo. Maneno, yale ya kumtoa nyoka pangoni, yalichungulia, yakaona watu walivyosimama, yakarudi ndani.

Kulikuwa na mkokoteni wa kukodi, na kulikuwa na mlima. Mitaa mizima ilimwona Injinia akisukuma jokofu lililolazwa, juu yake ngazi, juu ya ngazi ovaloki na shuka lake, shati limemganda mgongoni, kalamu moja imevuja wino kifuani. Akisimama kupumua, mkokoteni unarudi nyuma. Akisukuma, ngazi inamgonga kisogo. Watoto hawakumcheka sana. Walidhani anahama.

Alipofika, nyuma ya mabati wakatoka wezi wenyewe: Upepo, fundi bomba, na muuza kuku, kila mmoja akajifanya ndio kwanza anafika. Muuza kuku akachomeka jokofu kwenye umeme wa ofisi, akategea sikio. Kimya. Akafungua mlango, baridi ikampiga usoni.

"Halingurumi!"

"Nililipeleka kwa fundi," Injinia akasema kwa sauti ya mgonjwa. "Nilikuwa nataka kuliuza."

"Ulibadilisha na kompresa?"

"Nilibadilisha."

Muuza kuku akamkumbatia. Hakuwahi kumkumbatia mtu bure maishani mwake.

Pikipiki nyekundu ikasukumwa kutoka uani kwa jirani, imepanguswa, haina hata mkwaruzo. Usukanini palikuwa na alama tu ya mpira.

"Na kifaa changu?" Injinia akauliza.

"Chako?" Mwenyekiti akainua nyusi. "Kina wenyewe watatu kabla yako. Panga foleni."

Kilikuwa kwenye pikipiki ya Upepo. Fundi bomba na muuza kuku walikubaliana kikae hapo, na wao wakiwa na safari ya mbali waazime. Kishikio walibadilisha, wakaweka cha bolti zinazotaka spana, na mama akakishonea mfuko wa turubai wa kukiingizia ndani kila jioni. Siku hiyo Upepo aliondoka na vifurushi, mikono yote miwili usukanini. Mama Cherehani alimsindikiza kwa macho mpaka kona, kisha akafunua ovaloki, akaitia mafuta, na mtaa ukasikia ikilia.

Injinia naye aliwasha chombo chake, akaondoka kwa kishindo cha mtu aliyeshinda. Akakata kulia, njia ikaishia ukutani. Akarudi, akapita mbele ya stendi bila kumtazama mtu, akakata kushoto. Baada ya muda akapita tena. Tangu apate kile kifaa hakuwa amejisumbua kujua njia hata moja.

Ndugu mwenye pikipiki, na wewe mama mwenye mtoto wa pikipiki, mambo ya kuepuka ni haya:

Usiendeshe umeshika simu. Hata kidogo. Hata "naangalia tu kona hii."

Usinunue kifaa kwa uzuri wa kioo. Kitoe nje juani, vaa glavu, bonyeza, ndipo useme.

Usifunge kitu kinachoziba mita, taa au kuvuta waya usukani ukigeuka.

Usikubali kishikio kinachofunguka kwa dole gumba. Dole gumba kila mtu analo.

Usibadilishane na mtu asiyetaka pesa wala kukupa risiti.

Usimwamini anayeponda mali yake mwenyewe ili umwamini kwenye ile inayobaki.

Usiache kifaa nje usiku, si wa kwanza wala wa mwisho. Setilaiti haizoeani na mtu.

Usinyamaze ukitapeliwa. Mwambie jirani, mwambie na fundi wako wa nguo.

Usikitazame kifaa barabara ikiwa na watu. Kikikosea njia hakuna atakayekililia. Wewe una mama.